Viumbe Wekundu wa Magadi

Nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, Nairobi, ilikuwa ya pili kutoka kona, na ukisimama mlangoni uliona kila gari lililoingia mtaani. Pale mlangoni ndipo nilipokulia. Baba yangu alikuwa dereva wa taasisi moja ya utafiti mjini, kazi yake ikiwa kuwapeleka wataalamu porini na kuwarudisha. Akienda, alienda wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mama alikuwa ameshazoea. Alikuwa na vyondo vyake vya kusuka, wadogo zangu wawili wa kulea, na kanisa. Mimi, kifungua mimba wao, sikuzoea hata siku moja.

Wiki ya kwanza niliivumilia. Ya pili nilianza kusikiliza magari. Nilikuwa nikipika chapati nikisikia mngurumo, nasimama na kijiko mkononi mpaka mama anauliza kama nataka kuichoma nyumba. Mara nyingi lilikuwa lori la mkaa. Nyuma ya mlango wa chumba chao kulikuwa na koti la kaki, koti lake kuukuu la kazi, na kuna siku ambazo mama akienda sokoni nilikuwa naingiza uso ndani ya koti lile na kubaki hapo tu. Lilinuka petroli na sabuni ya mche, na kitu kingine kikavu kama chokaa ambacho wakati ule sikukijua.

Kisha siku moja, bila kutangaziwa, watoto wa mtaa wangepiga kelele kutoka kona, "Dere amekam! Dere amekam!" yaani dereva amekuja, nami ningekuwa nimeshafika kwenye landrova kabla hajazima injini.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole virefu ambavyo ungedhani ni vya fundi saa. Alitoka Ukambani, upande wa Kitui. Aliacha shule darasa la nne baba yake alipofariki, kwa kuwa ng'ombe walibaki na hakukuwa na mwingine wa kuwachunga. Hilo alilisema mara moja tu, na hakulirudia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa kidato cha pili, taasisi ilimpangia safari za Magadi. Mtaalamu wake safari hii alikuwa mama mmoja wa Kizungu aliyekaribia miaka hamsini, ambaye baba alimwita Daktari na hakumwita jina lingine lolote. Daktari huyu alitaka kujua kwa nini maji ya Ziwa Magadi huwa mekundu. Hakuwa na msaidizi. Wale wataalamu wa zamani, wa mawe na wa nyasi, baba alikuwa akiwafikisha, anaegesha gari chini ya mgunga na kulala. Kwa Daktari, siku ya kwanza alishikishwa chupa. Siku ya pili akafundishwa kuandika vibandiko vya chupa. Kufikia safari ya tatu alikuwa akitazama kwenye darubini.

Alirudi kutoka safari hiyo akiwa mtu mwingine. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la magadi, lile ambalo mama alikuwa akilitia kwenye maharagwe ili yaive haraka, na hakukaa chini kuvivua.

"Mama," alimwambia mama, maana ndivyo alivyomwita mbele yetu, "unajua kuna vitu vinaishi ndani ya ile magadi yako?"

"Vitu gani?"

"Vidogo. Huwezi kuviona kwa macho. Vyekundu."

Mama alitazama kopo lake la magadi juu ya kabati. "Mimi nimewalisha hawa watoto hiyo magadi miaka yote."

"Na hawajaugua."

"Basi acha nipike," mama akasema.

Jumapili ile baada ya kanisa, baba aliniita mezani. Nadhani aliniita mimi kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma biolojia, na kwa sababu mama alishakataa kusikiliza. Aliniuliza kama mwalimu ametufundisha bakteria. Nikasema ndiyo. Akaniuliza bakteria ni nini. Nikamsomea kwa kichwa kama nilivyoandika daftarini: kiumbe wa seli moja, asiye na kiini, mwenye ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayehakikisha mzigo umefungwa vizuri.

"Sasa sikiliza," akasema. "Hawa wa Magadi nao wana seli moja. Hawana kiini. Wana ukuta. Ukiwaona kwenye darubini utaapa ni bakteria. Hata wataalamu, kwa miaka yote, walisema ni bakteria. Lakini si bakteria."

"Ni nini?"

"Ni wengine. Daktari anasema juzijuzi tu ndiyo watu wameanza kujua. Kuna mtaalamu huko ng'ambo aliyesoma yale maandishi ya ndani kabisa ya kiumbe, yale yanayomwelekeza namna ya kujijenga. Akaanza kulinganisha, kiumbe kwa kiumbe. Akakuta kuna kundi ambalo liko mbali na bakteria kama vile mimi na wewe tulivyo mbali na bakteria."

Siku hizi kundi hilo linaitwa akea. Wakati ule hata wataalamu wenyewe walikuwa bado wakiwaita akibakteria, yaani bakteria wa kale, kana kwamba hawakuwa tayari kuwatoa kabisa katika ukoo ule. Baba hakulipenda jina hilo. Alisema ukimwita mtu kwa jina la jirani yake, siku zote utamtafuta kwa nyumba isiyo yake.

Nilimwuliza tofauti iko wapi kama wote wanafanana. Aliinuka akaenda kuchukua kiondo cha mama ambacho kilikuwa hakijamalizika, akakiweka mezani, na mama akapiga kelele kutoka jikoni kwamba akikifumua atakisuka mwenyewe.

"Ngozi ya seli imefumwa kwa mafuta," baba akasema. "Ya bakteria imefumwa hivi, na yetu sisi pia imefumwa hivi." Alinionyesha pale uzi ulipofungwa. "Ya hawa wekundu, uzi wenyewe ni mwingine, una matawi. Na kifundo ni kingine. Kigumu zaidi. Ndiyo maana wanaweza kukaa kwenye magadi ambayo ingekuchubua mkono."

"Na ukuta?"

"Ukuta wao haukujengwa kwa tofali lile la bakteria. Unaijua sindano ya penisilini?"

Niliijua. Hakuna mtoto wa Eastlands, upande wetu wa mji, wa miaka ile asiyeijua.

"Penisilini inakwenda kumzuia bakteria asijenge ukuta wake. Ukuta unalegea, anapasuka. Hawa ukiwatia penisilini ni kama umewatia maji ya kunywa." Akacheka kidogo. "Hapana, nimekosea. Maji ya kunywa ndiyo yanawaua."

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Sikumbuki baba akiongea nami muda mrefu hivyo kabla ya siku hiyo.

Jumatatu alfajiri aliondoka tena.

Safari iliyofuata aliniletea chupa ndogo ya maji ya ziwa, yenye rangi kama ya juisi ya zambarau iliyochujwa. Tuliiweka dirishani bila kizibo, kwenye mwanga. Daktari ndiye aliyemruhusu. Baba alipoondoka niliitazama kila asubuhi kabla ya shule. Ilikuwa imetoka mahali alipokuwa, na mimi sikuwahi kufika mahali alipokuwa, kwa hiyo niliipenda kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Baada ya kama siku kumi maji yalianza kupungua, na ukingoni pakafanyika ukoko mweupe. Niliogopa yatakauka kabla hajarudi. Nikachukua kikombe, nikaenda mferejini, nikaongeza maji safi mpaka shingoni mwa chupa. Niliporudi kutoka shule jioni ile, wekundu ulikuwa umeisha. Palikuwa na maji ya utando, ya rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Nililia nikiwa nimejificha chooni ili mama asinione. Baba aliporudi nilimpokea mlangoni na chupa mkononi na kumweleza yote kabla hajasalimia mtu. Aliiinua kwenye mwanga.

"Ulitia maji ya mfereji?"

"Ndiyo, Baba."

"Umewapasua." Aliona uso wangu. "Pole. Si kosa lako, nililitaja mara moja tu, tena nikicheka. Hawa wameumbwa kwa chumvi. Chumvi ndiyo inayowashikilia. Ukiwapa maji matamu, yanaingia ndani mpaka wanapasuka. Ulitaka kuwasaidia."

"Nilitaka usikute yamekauka."

Aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Kisha akaniambia kwamba hata yangekauka, wangekaa ndani ya fuwele za magadi, wazima, wakingoja. Nilitamani angeniambia kabla ya kuondoka.

Yaliyofuata yalitokea shuleni. Nilisoma shule ya wasichana ya kutwa, ya kutembea kwa miguu kutoka nyumbani. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa kijana aliyetoka chuoni si zamani, mwenye suruali za kupigwa pasi na hasira za karibu. Katika mtihani wa muhula tuliulizwa tutaje makundi ya viumbe wasio na kiini. Jibu lilikuwa mawili: bakteria, na zile mwani za buluu-kijani. Mimi niliandika hayo mawili, nikaongeza la tatu, na nikaeleza kwa mistari minne tofauti zao: ukuta, mafuta, maandishi ya ndani, na kwamba penisilini haiwadhuru.

Alinirudishia karatasi mbele ya darasa zima. Mistari yangu minne ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu.

"Haya umeyatoa kitabu gani?"

"Nimeambiwa na baba, mwalimu."

"Baba yako ni profesa?"

"Ni dereva."

Darasa lilicheka. Na yeye alicheka, ingawa nafikiri hakutaka kucheka sana. "Basi mwambie baba yako," akasema, "mimi simfundishi kuendesha gari."

Sikutaka kumwambia baba. Nilijua ataumia, na pia, kusema kweli, nilikuwa nimeanza kuona aibu. Njia nzima ya kwenda nyumbani nilijiuliza kama dereva wa darasa la nne anaweza kujua kitu ambacho kitabu hakijui. Lakini mdogo wangu aliiona karatasi akaipeleka mezani, na baba, ambaye kwa bahati alikuwa nyumbani wiki hiyo, aliisoma yote, na kidole chake kikipita chini ya kila neno.

"Alisema nini?" aliuliza.

Nikamwambia, hata lile la mwisho.

Mama aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Kesho naenda shuleni mimi."

"Hapana," baba akasema. "Nitaenda mimi."

Nilitaka aende akagombane. Nililala nikimwona akiingia ofisini na koti lake la kaki na kumfanya yule mwalimu ameze maneno yake. Alikwenda, na mimi nilimwona kupitia dirisha la darasa, amesimama uwanjani mbele ya mwalimu na kofia mkononi. Kofia mkononi! Wanafunzi wenzangu nao walimwona. Walizungumza muda mfupi, wakapeana mikono, baba akaondoka.

Jioni nilimwuliza, kwa sauti ambayo leo naijutia, kwa nini alivua kofia.

"Kwa sababu ni mwalimu wako," akasema. "Nimemwalika Magadi. Nimemwomba Daktari, amekubali. Jumamosi. Na wewe utakuja."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na bado sijui kama nimewahi kusikia neno lililonifurahisha zaidi ya hilo la mwisho.

Tuliondoka kumepambazuka. Mwalimu alikaa mbele, pembeni ya baba, katika suruali zake za pasi. Mimi nilikaa nyuma na masanduku ya chupa tupu zilizokuwa zikigongana. Tulipita Ngong, tukaanza kuteremka, na joto likawa linapanda kadiri tulivyoshuka. Mwalimu na baba waliongea kuhusu mvua na kuhusu barabara. Hakuna aliyetaja mtihani. Kisha tukazunguka kilima kimoja na ziwa likawa pale chini, jeupe na jekundu, limetanda kama kitu kilichomwagika na kuachwa.

Daktari alikuwa ameazimwa chumba kimoja chenye meza ndefu, na meza hiyo ndiyo iliyokuwa maabara yake. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alimpokea mwalimu kwa heshima na kumwita Mwalimu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikaa kwenye kiti kando ya dirisha na kusema, "Mzee ataonyesha."

Baba akaonyesha. Aliweka tone la maji kwenye kioo, akaigeuzageuza darubini kwa vidole vile virefu, akampisha mwalimu. Mwalimu aliinama, akakaa hivyo kwa muda.

"Naona vijiti," akasema. "Na vingine vya mviringo. Lakini, mzee, mbona hawa ni bakteria tu?"

"Kwa macho, ndiyo, mwalimu."

Baba alileta visahani viwili vya kioo vyenye utelezi uliogandishwa. Kimoja kilikuwa na bakteria waliotoka kwenye maji ya bwawa la Nairobi, cha pili kilikuwa na madoa mekundu yaliyooteshwa kutoka ziwani. Katikati ya kila kimoja palikuwa na kipande cha karatasi kilicholoweshwa penisilini. Kwenye kile cha bwawa, karatasi ilizungukwa na duara tupu, safi, ambapo hakuna kilichoota. Kwenye kile cha ziwa, madoa mekundu yalikuwa yameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi, mengine yameigusa.

Mwalimu alitazama kimoja, akatazama kingine. Alikuwa mtu wa hasira, lakini hakuwa mjinga.

"Kuna bakteria ambao penisilini haiwaui vilevile," akasema. "Hii peke yake haitoshi."

Baba akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona akiwa nyumbani, la mtu aliyeulizwa swali zuri.

"Kweli kabisa. Daktari husema hivyohivyo. Jambo moja halitoshi. Ndiyo maana wanatafuta lile tofali la ukuta, na hawalioni. Halafu wanakamua mafuta ya ngozi na kuyapima, na kifundo chake ni kile kingine. Halafu wanasoma maandishi ya ndani. Yote matatu yanasema neno moja. Hapo ndipo wanaamini."

Aliendelea. Alimweleza kwamba wako wenzao wa jamii hiyohiyo wanaoishi tumboni mwa ng'ombe na kwenye maji machafu, mahali pasipo na hewa, na ndio wanaotengeneza ile gesi inayowaka, na kwamba hakuna bakteria aliyejulikana kuitengeneza. Mwalimu aliuliza kama ndiyo inayonuka kule kwenye mabwawa ya maji taka karibu na kwetu. Baba akasema gesi hiyo haina harufu yoyote, kinachonuka ni mambo mengine. Daktari alicheka kule dirishani. Mwalimu naye akacheka, akatoa kalamu, akaanza kuandika kwenye kiganja cha mkono kwa kuwa hakubeba daftari.

Mimi nilisimama karibu na mlango. Nilikuwa nikimtazama baba kama mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza. Nilielewa pale, nikiwa na miaka kumi na sita, kwamba kule alikokuwa akipotelea kulikuwa na mtu ambaye Jericho haikumjua, na kwamba mtu huyo alikuwa na furaha. Nikamwonea wivu. Nikamwonea huruma pia, bila kujua kwa nini.

Mchana alinitembeza kwenye ukoko wa ziwa. Alinionyesha pa kukanyaga, alitangulia nami nikafuata nyayo zake. Joto lilikuwa kali mno, na ile harufu ya koti, ile kavu kama chokaa, ilikuwa pale kila mahali. Aliinama akavunja kipande cha ukoko, ndani yake kilikuwa cha waridi.

"Wamo humu," akasema.

"Baba, ungesoma ungekuwa Daktari."

Alikigeuza kile kipande mkononi.

"Nilipokuwa nachunga," akasema, "kulikuwa na kidimbwi kule kwetu kilichokuwa kinabadilika rangi kiangazi. Kila mwaka nilitaka kumwuliza mtu kwa nini. Sikuwa na wa kumwuliza." Alikiweka chini taratibu. "Sasa wewe unaye. Uliza."

Sikumbuki niliuliza nini. Nakumbuka tu kwamba sikutaka jua litembee.

Tukirudi, mwalimu aligeuka nyuma akanitazama. "Alama zako siwezi kuzirudisha," akasema. "Karatasi ya taifa inasahihishwa kwa kitabu. Ukiulizwa, andika kama kitabu kinavyosema. Lakini mimi nilisoma kitabu cha zamani, na nilikosea kukucheka." Kisha akamgeukia baba. "Nisamehe, mzee."

"Hakuna neno, mwalimu," baba akasema, akabadilisha gia kwa ajili ya mlima.

Utafiti uliisha mwaka uliofuata. Daktari alifunga masanduku, akarudi kwao. Alimwambia baba kwamba ataandika yote waliyoyaona kwenye jarida la wataalamu, na kwamba hatamsahau. Baba aliingoja nakala ile kama nilivyokuwa nikimngoja yeye. Alipita ofisini kuuliza barua hata siku ambazo hakuwa zamu. Ilipofika, kurasa chache za maandishi madogo, aliniletea mimi nimsomee. Nilisoma kwa shida, nikimtafsiria nilichoweza. Picha zilikuwapo, vile vijiti na vile vya mviringo. Mafuta yalikuwapo, na penisilini. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari wa shukrani. Wataalamu kadhaa walitajwa kwa majina yao kamili. Kisha ikaandikwa: na dereva wetu.

Nilirudia mstari ule kwa macho. Baba akauliza, "Imesemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitafsiri kama ilivyokuwa.

Alichukua zile kurasa, akaziangalia, akazikunja mara mbili na kuziweka ndani ya Biblia yake. "Basi," akasema. "Mambo yenyewe wameyaandika vizuri." Mama, ambaye hakuwahi kutaka habari za wale viumbe, alikuja akakaa karibu naye, akaendelea kusuka. Walikaa hivyo mchana mzima.

Taasisi ilimpangia kuendesha basi la kuwachukua wafanyakazi, mjini asubuhi, mjini jioni. Sasa alikuwa nyumbani kila siku. Lile nililoliomba utoto wangu wote nililipata, na halikuwa nilivyodhani. Alikaa mlangoni baada ya kazi na kutazama barabara. Nilimwuliza mambo ya biolojia ili nimwone akichangamka; alijibu, lakini kwa ufupi. Mgongo ulipoanza kumsumbua alistaafu mapema, wakaenda Kitui yeye na mama. Nyumba ya Jericho tuliiacha. Mimi nilipata chumba ghorofani, mtaa wa Huruma, nikaanza mafunzo ya ufundi wa maabara hospitalini. Dirisha langu lilitazama dirisha la mtu mwingine, na magari niliyoyasikia hayakuwa na yeyote wangu ndani yake.

Alifariki nikiwa na mtoto wangu wa kwanza tumboni. Kwenye mazishi walisema mengi mazuri juu yake: kwamba hakuwahi kupata ajali, kwamba hakulewa, kwamba alipokubebea mzigo uliukuta mzima. Yote yalikuwa kweli. Nilitaka kusimama niwaambie jambo moja zaidi, lakini sikujua nianzie wapi, na mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo.

Miaka ya kazi yangu yote nimewapandisha bakteria kwenye visahani, wa vidonda, wa vikohozi, wa mikojo, nikiwajua mmoja mmoja kwa tabia zao. Katika miaka hiyo vitabu vilibadilika. Akea walipewa kundi kuu lao wenyewe, nao wakapatikana kila mahali: baharini, udongoni, hata matumboni mwetu, hata kwenye vinywa vyetu. Na jambo linalonishangaza zaidi katika kazi yangu ni hili, kwamba miongoni mwa hao wote, mpaka leo, hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kuwa ndiye kisababishi cha ugonjwa wa binadamu. Bakteria wametuua kwa maelfu ya miaka. Hawa wameishi ndani yetu na hawajatugusa. Wataalamu wana mawazo yao kwa nini iko hivyo, na hawajakubaliana.

Ningependa kumwuliza baba anafikiri nini. Angechukua muda kabla ya kujibu. Huenda angesema hajui, na baada ya siku mbili tatu, tukiwa tunafanya jambo jingine kabisa, angekuja na wazo. Nimejaribu kulipata mwenyewe, nikiwa kazini, nikiwa njiani. Bado sijalipata.